Bariadi: fremu nyingi, hela ya msimu

Wadau, leo tuongee kuhusu mji wetu bila kuoneana haya.

Mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulipoundwa, Bariadi ikapewa makao makuu. Kila mwenye kiwanja kando ya barabara akakimbilia kujenga fremu. Sasa pita katikati ya mji mwezi wa pili uone: fremu kibao zina kufuli, na zilizo wazi zinauza vitu vilevile. Vocha, sabuni, vitenge.

Watu si tatizo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 Simiyu nzima. Tatizo ni kwamba hela ya hapa ina msimu. Pamba ikianza kununuliwa, kuanzia mwezi wa tano hivi, mjini hapatoshi: mabati yanauzwa, bodaboda mpya zinatoka, mama ntilie anaongeza sufuria. Msimu ukiisha, tunarudi kukaa kijiweni.

Na hiyo pamba yenyewe haina adabu. Mwaka 2019 bei ilitangazwa 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wakulima wengi wakasubiri malipo yao miezi. Mwaka 2022 bei elekezi ilikuwa 1,560. Mwaka 2023 ikawa 1,060. Piga hesabu: mwenye kilo 400 kapungukiwa 200,000. Hiyo ndiyo hela ambayo ingeingia dukani kwako, kwa fundi cherehani, saluni. Halmashauri nazo zinaumia, maana ushuru wa zao unafuata bei.

Tulipata pia Nane Nane ya kitaifa pale Nyakabindi, 2018 hadi 2020. Gesti zilijaa, tukafurahi. Maonyesho yakahamia kwingine. Mgeni wa wiki moja hajengi mji, jamani.

Tufanyeje? Mimi naona mambo matatu.

Kwanza, pamba isiondoke ikiwa robota tu. Mbegu zake zinatoa mafuta ya kula na mashudu ya ng'ombe, na Msukuma na ng'ombe hawahitaji kutambulishwa. Kazi ya kukamua inaweza kuendelea baada ya msimu kama mbegu zimewekwa akiba. Maswa walianza na chaki, Meatu na maziwa. Walikuwa na wazo zuri: kila wilaya na bidhaa yake.

Pili, soko, stendi na mnada vipangwe kwa pamoja. Stendi ikihama, mteja anahama nayo. Ukiijenga mbali bila kujua mama ntilie na machinga watakaa wapi, umeua mtaa mmoja ili ufufue mwingine.

Tatu, vijana tujue haki yetu. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Sasa tukikopa wote tununue bodaboda, nani atampanda mwenzake? Kikundi kimoja kikamue mafuta, kingine kishone sare za shule.

Mji haufufuliwi kwa kupaka rangi fremu. Unafufuka mtu akiwa na hela mfukoni mwezi wa pili kama mwezi wa saba.

Wewe uliyeko Maswa, Lamadi au Mwanhuzi, kwenu hali ikoje? Na wewe mwenye fremu yenye kufuli, ilikuwaje ukafunga? Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana.