Amana ya Dawa Mkononi mwa Muuguzi

Katika zahanati nyingi za vijijini, ambako daktari haonekani ila kwa nadra, aghalabu muuguzi ndiye amsikilizaye mgonjwa, akamwandikia dawa na kumkabidhi. Na kwa kuwa hiyo ni amana nzito, haifai kudhani kwamba wajibu wake umetimia pindi bahasha ya vidonge inapopita dirishani.

Tuitazame dawa mseto ya malaria, ambayo mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku 3, dozi ya pili ikifuata baada ya muda wa saa 8, tena pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze barabara: mgonjwa asiyebainishiwa hayo, homa ikishuka, huweka akiba vidonge vilivyosalia, na maradhi yakamrudia.

Kwa hiyo twaisihi Wizara ya Afya, pamoja na kuwapa wauguzi elimu ya juu na idhini ya kuandika dawa, iwape pia wasaa wa kuuliza juu ya ujauzito, mzio na dawa nyinginezo, na wa kumtaka mgonjwa ayarudie maelezo kwa kinywa chake kabla hajaondoka. Maana afya ya raia ni haki, wala haijuzu kuihatarisha kwa haraka.