TUSIWEKE DOLE GUMBA GIZANI



Wamepita wageni wenye gari, wakazunguka bonde letu la mpunga, wakapima, wakaondoka. Wanatafuta madini ya mbolea. Tangu siku hiyo kuna wenzetu hawalali. Ati mgodi ukija, umaskini kwaheri. Ati anayeuliza maswali anapinga maendeleo. Tunasema hapana! Anayeuliza ndiye mwenye shamba. Asiyeuliza ni mpita njia.

Hebu tuwatazame wakulima wenzetu waliotangulia kukaa jirani na mgodi wa mbolea.

Kila mmoja hapa anaujua mfuko wa NPK. Ile K ni potashi, ndugu yake yale majivu tunayomwaga kwenye migomba. Potashi huchimbwa chini sana, na haitoki peke yake. Hutoka imechanganyika na chumvi, chumvi hii hii ya mboga. Mwenye mgodi anauza potashi. Chumvi inayobaki anaachiwa nani? Hapo ndipo penye ugomvi.

Huko Ufaransa, sehemu za Alsace, karibu na mji wa Mulhouse, potashi iligunduliwa mwaka 1904. Migodi ilileta kazi kwa watu zaidi ya elfu kumi, ikajenga na nyumba. Hilo hatulifichi. Lakini chumvi nyingi ilimwagwa katika mto Rhine, na nyingine ikarundikwa juu ya ardhi kama vilima. Mvua ikinyesha vilima vinayeyuka, chumvi inazama mpaka kwenye maji ya chini. Mto nao ukaibeba mamia ya kilomita mpaka Uholanzi, kwa wakulima wa bustani ambao hawakupata hata senti moja ya mgodi. Wakawa wanamwagilia miche maji ya chumvi.

Je, walikaa wakalia? Hapana. Mwenye bustani mmoja na chama cha kutetea mto walifungua kesi. Yakazuka mabishano: mahakama ya Uholanzi inauwezea wapi mgodi ulioko Ufaransa? Mwaka 1976 Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya ikaamua kwamba aliyeumia anaweza kushtaki pale alipoumizwa. Mwaka huo huo nchi za mto ule zikatia sahihi mkataba mjini Bonn, kwamba Ufaransa ipunguze kloridi, yaani ule ukali wa chumvi, kwa kilo 60 kila sekunde. Fanya hesabu mwenyewe: ni zaidi ya gunia la kilo 50 kila sekunde! Na mkataba wenyewe ulianza kutumika mwaka 1985. Miaka karibu tisa watu wanangoja karatasi, na chumvi inapita.

Haikuishia hapo. Mwaka 1999, pale Wittelsheim, taka za sumu zilianza kuwekwa ndani ya mashimo ya mgodi. Wenyeji wakaahidiwa kwamba zitaweza kutolewa. Mwaka 2002 moto ukawaka huko chini. Mwaka huo huo uchimbaji wa potashi ukafungwa. Kazi zikaisha, lakini taka hazikuisha. Katika tani kama 44,000, sehemu kubwa imebaki huko huko, na wenyeji wamebishana na serikali yao miaka mingi kwa kuhofia maji yao.

Mtu atasema: hiyo ni Ulaya. Ndiyo, ni Ulaya! Wana mawakili tele, wana magazeti, wana maabara, na bado iliwachukua miaka. Sisi tukikubali leo bila kusoma, itatuchukua mingapi?

Tusidanganyane. Madini ya chini ni mali ya taifa, siyo ya kijiji kimoja. Lakini ardhi ya kijiji inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Na Mkutano Mkuu ni wewe, mama na baba, na kijana aliyetimiza miaka 18. Siyo watu watatu chini ya mwembe!

Kwa hiyo tunataka majibu, kwa maandishi, kwa Kiswahili:

1. Taka zitawekwa wapi, na masika yakija zitakuwa wapi?
2. Nani atapima maji ya mto na visima kabla ya kazi kuanza, na nakala ya vipimo itakaa ofisi ya kijiji?
3. Fidia ya mashamba ni kiasi gani, na italipwa kabla au baada ya tingatinga kuingia?
4. Mgodi ukifungwa nani atafukia, na fedha ya kufukia imewekwa wapi?

Mwenye majibu mazuri, karibu, tutamchinjia mbuzi. Asiye nayo atuache tulime mpunga wetu.

Tulikwenda kisomo cha watu wazima ili tusidanganywe kwa karatasi. Basi Mkutano Mkuu ukiitwa, njooni wote. Anayejua kusoma amsomee jirani yake. Dole gumba linakuja mwisho, halitangulii.

Katibu wa Tawi