Kikohozi cha Mfugaji si Kifua Kikuu Siku Zote

Ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu huuita bruselosisi, umezoeleka kuhesabiwa kuwa ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwananchi akielezwa habari zake huambiwa achemshe maziwa, basi. Shauri hilo ni jema, lakini ni nusu tu ya habari. Mnyama anapotupa mimba, vijidudu vya brusela huwa tele katika kondo la nyuma na maji ya uzazi. Anayemsaidia mnyama huyo, au anayefanya kazi machinjioni, aweza kuvivuta pamoja na pumzi.

Viingiapo mwilini, vijidudu hivyo humezwa na chembe zenye kazi ya kuulinda mwili. Navyo, badala ya kufa, huishi humo humo na kuchukuliwa hadi kwenye ini, wengu, mifupa na maungio. Mapafu hushambuliwa kwa nadra, na hilo lapaswa kusemwa wazi ili watu wasitishike bure. Lakini yakishambuliwa (na yaweza kushambuliwa hata kwa mtu aliyeambukizwa na maziwa, kwa kuwa vijidudu hufika huko kwa njia ya damu), mgonjwa hukohoa, hupata nimonia, au maji hujaa kati ya pafu na ubavu. Ongeza homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na kukonda. Nani hatafikiri kifua kikuu?

Kosa hilo lina gharama. Rifampisini ni dawa ya magonjwa yote mawili. Mwenye bruselosisi akipewa dawa za kifua kikuu aweza kupata nafuu, kila mtu akaridhika, kumbe vijidudu vimejificha katika uti wa mgongo vikingoja. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mwenye kifua kikuu akitibiwa kwa doksisaiklini na rifampisini kwa majuma sita, vijidudu vya kifua kikuu hukabiliwa kwa kweli na rifampisini peke yake, navyo hujifunza kuihimili.

Kukisia si jambo geni kwetu. Katika utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo hasa walikuwa 14. Bruselosisi ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyogunduliwa.

Kwa maoni yangu, kila mgonjwa mwenye kikohozi kisichokwisha, ambaye makohozi yake hayakuonyesha kifua kikuu, yafaa aulizwe: unafuga nini, na je, kuna mnyama aliyetupa mimba karibuni? Swali hili halihitaji mashine wala fedha za kigeni. Kipimo cha damu cha Rose Bengal nacho ni rahisi na hutoa jibu kwa dakika chache, ingawa kwa mfugaji chaweza kuonyesha ugonjwa wa zamani. Ndiyo maana pengine hulazimu damu ioteshwe maabara. Daktari anayeipeleka damu hiyo na aandike wazi anachokishuku, kwa sababu mfanyakazi wa maabara akiufungua mkebe ule pasipo kinga, yeye naye aweza kuvivuta vijidudu hivyo kwa pumzi.