Cha Kuazima Hurejeshwa

Wako wasemao kwamba kumfunza kijana kuandika programu kwa kompyuta ya mwaka 1985 ni kumpotezea wakati. Mimi siafikiani nao, na sababu zangu ni hizi.

Kompyuta niisemayo ni Amiga, ya kampuni ya Commodore iliyofilisika mwaka 1994. Ile ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256 tu. Picha moja ya simu ya leo haienei humo. Hata hivyo ilikuwa na madirisha, kipanya na rangi, na programu kadhaa zilitenda kazi kwa wakati mmoja. Wapenzi wake wangali wanaitunza, na mimi ni miongoni mwa wanaojifunzia juu yake lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie mapema katika miaka ya 1970.

Taib, tazama mambo yake. Ukitaka dirisha, kwanza huna budi kuifungua maktaba iitwayo Intuition. Kisha ueleze dirisha lianzie wapi, upana wake, kimo chake na jina lake. Likishafunguka, programu hungoja ujumbe. Mtu akibonyeza penye kufungia, dirisha halijifungi. Programu huletewa habari tu. Yaipasa ipokee, ijibu, ilifunge dirisha, ndipo iifunge maktaba. Cha mwisho kufunguliwa ndicho cha kwanza kufungwa.

Na kumbukumbu je? Katika kompyuta za leo, programu ikimaliza kazi, mfumo huichukua tena kumbukumbu uliyoikopesha. Amiga haifanyi hivyo. Ulichokitwaa usipokirejesha mwenyewe, kimewapotea wote mpaka mashine iwashwe upya, na programu nyingine zitapungukiwa kwa ajili yako. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Sisi wa chuoni tulianza na alifu juu ya ubao, hatukuurukia msahafu. Lakini kijana wa leo hupewa dirisha limekwisha tengenezwa, asijue limefunguliwa na nani wala nani atalipa gharama yake. Simwambii aviache vya leo, kwani riziki yake iko huko. Namwambia apitie hapa kwanza, japo miezi mitatu, akajifunze kuwa alichopewa ni amana. Mashine itakufa, lakini adabu hiyo atakwenda nayo popote aajiriwapo.