Jinzi ofisini si dhambi, lakini mwangalie aliye upande wa pili wa meza

Mjadala wa mavazi ya kazini hauishi. Kuna mabosi wanaoamini kwamba kijana asiye na tai hana nidhamu. Halafu kuna sisi vijana tunaojibu, "Kwani nguo ndiyo inafanya kazi?" Kila upande una hoja yake, ila wote tunalikwepa swali moja: hiyo ofisi ipo kumhudumia nani?

Ukiwa Nairobi ni rahisi kulisahau. Anayekaa ghorofa ya nane Westlands akiandika programu za kompyuta kutwa nzima anaweza kuvaa hudi na kaptura, na mteja wake aliye Berlin asijue. Kazi yake itapimwa kwa kinachoonekana kwenye skrini. Huyo mwacheni na hudi yake.

Lakini si wote wenye kazi ya ofisi wako Westlands. Wengi wetu tumeajiriwa, au tuko kwa mafunzo ya kazi, katika vituo vidogo vya mashambani. Chukua Fort Ternan, Kaunti ya Kericho, kwenye reli ya zamani inayotoka Nakuru kwenda Kisumu. Vitabuni inatajwa kwa sababu ya visukuku alivyochimbua Louis Leakey mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa wenyeji ni soko, ni kahawa, na ni ofisi chache ambazo watu hufunga safari kuzifikia.

Sasa watazame hao watu. Mzee anayekuja kuuliza malipo yake ya kahawa haji na nguo za shambani. Kogo anayefuatilia Sh2,000 zake za mwezi za Inua Jamii, zile za waliotimiza miaka 70, anajifunga kitambaa safi kichwani na kutoa kabatini sweta ya Jumapili. Mzee amevaa koti la kanisani. Akifika mlangoni anapangusa tope viatuni, na huenda akavua kofia kabla ya kuketi. Kwake ofisi ni pahali pa heshima, na ameivalia.

Halafu anakutana na karani mwenye jinzi iliyochanika magoti, kandambili miguuni na spika ya simu sikio moja. Mzee hatasema kitu. Hajatukanwa, lakini ameona.

Kwangu mimi, mpaka uko hapo. Vazi limezidi ukawaida pale linapomwambia aliyekuja kuhudumiwa kwamba hukumtarajia. Jinzi nyeusi isiyo na matundu, shati lililopigwa pasi na raba safi havisemi hivyo. Fulana yenye maandishi ya matusi inasema. Suti ya bei ghali yenye jasho la siku tatu nayo inasema, tena kwa sauti.

Wanaodhani tai ndiyo adabu yenyewe wakumbuke Novemba 2023. Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Kwa wanaume alitaka koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Mwaka huo huo Rais William Ruto alikuwa akionekana kila mara ndani ya suti hizo hizo. Vazi lililofaa kwa rais kuhutubia taifa halikufaa kwa mbunge kuketi bungeni!

Ukivuka hadi Kongo, hali iliwahi kuwa kinyume kabisa. Miaka ya 1970, nchi ikiitwa Zaire, Mobutu Sese Seko aliikataza tai yenyewe. Wanaume wa ofisini walivaa abakosti, koti lisilohitaji tai, na mwenye suti ya Kizungu ndiye aliyeonekana mkosefu. Kumbe tai haina adabu ndani yake. Adabu ni makubaliano ya watu wa pahali fulani, na anayeingia kazini pale ana wajibu wa kuyajua.

Lakini atayajuaje kama hakuna anayemwambia?

Hapa mabosi nao wasikie. Ingia kiwanda cha majani chai huku Kericho au Bomet. Kabla ya kufika yanakosindikwa, unapewa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, na unaambiwa uvue pete na saa. Hakuna anayelalamika kwamba amenyimwa uhuru, maana sababu iko wazi: hicho ni kinywaji cha watu. Nje shambani, mchumaji anavaa aproni ya plastiki na gambuti kwa sababu ya umande na mvua. Sheria yenye sababu haihitaji kupigiwa kelele.

Sheria nyingi za ofisini hazina bahati hiyo. Hazijaandikwa popote. Kijana anazijua siku anapoitwa kando na kuambiwa, "Wewe, hivi ndivyo unavyokuja kazini?" Zaidi ya hapo, hakuna anayeuliza atanunua nguo kwa pesa gani. Mwaka 2023, mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi aliingia kazini kwa Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Toa kodi ya nyumba, nauli, chakula na za kutuma nyumbani. Ukimwambia mtu kama huyo Jumatatu awe na suti mbili kufikia Jumatano, hujamfunza nidhamu. Umemsukuma kwa wenye mikopo ya simu.

Mzigo wenyewe pia haulingani. Mvulana akija na raba ataambiwa kwa utani. Msichana akivaa sketi ambayo mtu mmoja haipendi, ataitiwa kikao. Tusisahau kwamba Novemba 17, 2014, wanawake waliandamana jijini Nairobi chini ya kaulimbiu ya MyDressMyChoice, baada ya wanaume kumvua mwanamke nguo kwenye steji ya matatu wakidai amevaa vibaya. Ninaposema tumheshimu aliyekuja kuhudumiwa, sisemi kwamba yeye au bosi amepewa mwili wa mfanyakazi aukague. Kama kuna tatizo la mavazi, lizungumzwe faraghani, kwa maneno ya kazi, na kwa kipimo kile kile kwa wote.

Suluhisho halihitaji mkutano wa siku tatu hotelini. Ofisi iandike karatasi moja: hiki kinafaa, hiki hakifai, na sababu ni hii. Mfanyakazi mpya aipewe pamoja na barua ya kazi, si baada ya kukosea. Apewe pia muda, angalau hadi mshahara wa pili, wa kujipanga. Mitumba ipo, na shati zuri halina haja ya kutoka dukani. Na bosi aifuate karatasi hiyo hiyo hata Ijumaa anapotaka kuja na jezi ya Arsenal.

Nasi vijana tuache kujificha nyuma ya neno "uhuru" wakati ukweli ni kwamba tulichelewa kuamka. Weka koti moja safi nyuma ya kiti chako. Ukiwa na kazi ya kupanga mafaili stoo, vaa utakavyo. Ukiwa kaunta, chomoa hiyo spika sikioni, vaa koti, simama na umsalimie kogo kwa heshima yake.

Na ukiwa huna hakika kama umezidisha, usiulize TikTok. Jiulize hivi: mtu huyu amejipamba kuja kuniona mimi, je, mimi nimemvalia?