Fizi zikitoka damu, msisingizie mswaki

Huku Birmingham tunapambana na baridi kama kawaida, lakini leo nataka kuzungumzia vinywa vyetu. Msininunie.

Kila mwezi napigiwa simu za hela ya dawa. Mara tumbo, mara gesi, mara ini. Natuma, ndugu ni ndugu. Lakini miaka yote niliyokaa huku hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba hela ya kusafisha meno. Kwetu mtu huenda kwa daktari wa meno akiwa ameshika shavu, na akirudi jino limebaki huko huko. Fizi zikitoka damu kila asubuhi tunasema mswaki mgumu. Mimi nasema huo ni ugonjwa, na hauishii mdomoni.

Hebu fikirieni. Mtu humeza mate kama nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku. Fizi zikiwa mbovu, mate hayo yanashuka na bakteria wabaya. Wengi wanakufa kwenye asidi ya tumbo, ila wapo wanaopenya mpaka utumboni. Na damu inayotoka utumboni hupita kwanza kwenye ini, kwa hiyo uchafu unaovuja huko ini ndilo la kwanza kukutana nao.

Mwaka 2014 watafiti wa China waliandika katika jarida la Nature kwamba walipima wagonjwa wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Katika aina za bakteria zilizozidi utumboni mwao, zaidi ya nusu zilikuwa za mdomoni.

Sisemi kila mwenye fizi mbovu ataugua ini. Pombe, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na mafuta kwenye ini bado ndiyo maadui wakubwa. Tena ini likishaugua nyongo hupungua, na bakteria hao wanapata upenyo zaidi. Lakini kwa nini tuwaongezee jeshi?

Jambo jingine ni hii omeprazole mnayonunua duka la dawa kama peremende. Asidi ndiyo mlinzi wa getini. Utafiti wa mapacha zaidi ya 1,800 hapa Uingereza, uliochapishwa 2016, uliona kwamba wanaotumia dawa za aina hiyo wana bakteria wengi zaidi wa mdomoni na kooni ndani ya utumbo. Aliyeandikiwa na daktari asiache. Anayejiandikia mwenyewe amuulize daktari.

Kinga yenyewe wala si ghali. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, safisha na katikati ya meno, achana na sigara na ugoro. Wa mswaki wa mti nao waendelee, ila wafike mpaka kwenye fizi, taratibu. Ukoga ukishakuwa mgumu kama jiwe, mswaki hauutoi tena, ni kazi ya daktari. Wenye kisukari ndio wasichelewe kabisa, maana fizi zao huharibika upesi.

Basi msimamo wangu ni huu: atakayeomba hela ya kusafisha meno nitamtumia kabla ya wa dawa ya gesi, na sitauliza maswali. Haya, nani wa kwanza?