Majenerali Ndio Walioiwasha Khartoum

Mwandishi aliyedai kwamba maandamano katika nchi za Kiarabu huzaa vita tu, na kwamba watu wa huko hawajui ila kutawaliwa, ameisoma Sudan kinyume. Hapa Oraba, mpakani Koboko, Uganda, Kiarabu cha Juba tunakisikia kila siku. Kwa hiyo hoja hiyo hatuwezi kuinyamazia.

Migomo na maandamano ya Wasudani yaliwang'oa watawala wa kijeshi, Abboud mwaka 1964 na Nimeiri mwaka 1985, miaka mingi kabla ya maandamano ya Tunisia na Misri. Desemba 2018 bei ya mkate ilipopanda, mji wa Atbara uliamka. Aprili 11, 2019 Rais Omar al-Bashir akaondolewa. Ni Bashir huyo ambaye serikali yake iliwasaidia waasi wa West Nile Bank Front walioitesa West Nile yetu miaka ya 1990.

Nani basi aliyeleta vita? Juni 3, 2019 wenye bunduki waliwaua waandamanaji Khartoum. Oktoba 25, 2021 majenerali wakaipindua serikali ya mpito. Aprili 15, 2023 majenerali hao, Burhan na Hemedti, wakageuziana mitutu.

Ndugu mwandishi, wakimbizi wa Sudan wako Kiryandongo, hapa hapa Uganda. Nenda ukawaulize nani aliwafukuza makwao.